Mashine ya Mumeo Ilipakwa Rangi Mpya

Mwanangu Zuwena,

Assalaam alaykum. Nimeketi karakanani hapa mtaani Malindi, mlango nimeurudisha nusu, na wanaopita nje wanadhani nimelala. Alasiri imeshaswaliwa. Huko nyumbani shangazi zako wamelijaza begi lako mpaka limekataa kufunga, na nilipotoka walikuwa wamelikalia wawili, wanagombana nani mzito zaidi. Mama yako anakusomea habari za makoti, soksi na dawa za kifua. Hayo ni yake, namwachia. Mimi la kukwambia kabla hujaondoka kesho kumfuata mumeo kwao ni moja, nalo ni la ile mashine.

Najua umechoka nayo. Miezi yote hii mumeo akipiga simu, badala ya kumwuliza habari za baridi na habari za wazee wake kama wakwe wengine, namwuliza mashine ya kujazia risasi. Juzi uliniambia, "Baba, mwenzangu kapiga anataka kuzungumza na mimi, wewe ushamshika na machuma yako!" Ulikuwa unacheka, lakini niliona kwamba umeudhika. Ndiyo maana naandika. Sitaki uondoke ukidhani baba yako amechanganyikiwa na machuma.

Yusuf alipoleta posa, nikaambiwa ni Mswidi, amesilimu, anafanya kazi ya mwani Paje, nilifanya lile ambalo baba yeyote wa mjini angefanya. Niliulizia. Unajua tunavyoulizia. Mwenye posa hatumwulizi kitu. Tunakwenda mtaani kwake, tunakaa barazani, tunaagiza kahawa, tunazungumza habari za mvua na bei ya samaki, kisha tunalitupa neno kama hatuna haja nalo: yule kijana wa nyumba ile, vipi? Jirani atasema au atanyamaza, na akinyamaza nalo ni jawabu. Babu yako alipoulizia habari zangu, jirani yetu mmoja alimwambia mimi ni mtu wa kununa. Akanioza hivyo hivyo, lakini akijua anamwoza nani.

Basi nikaenda Paje. Bi. Mize, yule mama aliyempangisha chumba, alinikaribisha vizuri, akaniambia, "Huyu? Huyu hana neno. Akiniamkia kila asubuhi, na maji akichota mwenyewe." Nikarudi mjini na wasiwasi wangu vilevile. Mtu akiwa ugenini huwa mwema, atafanyaje? Nilichotaka mimi ni jirani wa kwao, aliyemwona akiwa kijana, aliyemsikia akigombana na mama yake. Kwao hakuna baraza, na lugha yao sijui hata salamu. Mkaoana, kisha yeye akatangulia kwao. Nilicheka harusini, picha zipo, lakini ukizitazama vizuri utaona nilikuwa nimeuma meno.

Kisha ikaja habari ya bunduki. Ulinieleza kwamba kwao Yusuf huwinda mnyama mkubwa kama ng'ombe, mwenye pembe pana kama majembe, na kwamba nyama ya mwaka mzima hutoka msituni. Ukasema ameshamwuliza sheikh wa Paje na husoma Bismillahi kabla ya kufyatua. Hilo lilinipendeza, ila sikukuonyesha. Ukaendelea kwamba risasi hujaza mwenyewe nyumbani, kwa kibali cha serikali yao, maganda aliyokwishatumia huyarudia kuyajaza, na kwamba mpaka sasa ameazima mashine za watu, anataka kununua yake. Na wewe atakufundisha. Huku kwetu mtu mwenye risasi ndani ya nyumba ni askari, au ni mtu anayetafutwa na askari. Picha za mashine alizonitumia nilizitazama nikazifuta, nikiogopa nikisimamishwa njiani nitajieleza vipi. Barazani sikufungua mdomo. Ningesema, kabla ya Magharibi mji mzima ungejua kwamba Hamadi kamwoza mwanawe kwa muuza bunduki.

Lakini mashine ya namna ile naijua. Maisha yangu yote nimevuta mkono wa ndugu yake, nikikandamiza shaba iwe vichwa vya misumari ya milango na makasha. Ganda la risasi nalo ni shaba. Likishapigwa hutanuka, na mashine hulirudisha kwenye umbo lake, hulitia fataki mpya ya kuwashia baruti, na mwisho hukifunga kichwa cha risasi juu ya baruti. Tofauti ni kwamba msumari wangu ukiharibika, seremala atanitukana na yatakwisha. Risasi mbovu hupasuka mbele ya uso wa aliyeshika bunduki, na wewe umeniambia kwa mdomo wako kwamba utaishika. Nikamwambia Yusuf asinunue kitu mpaka nikione.

Ya kwanza aliyoniletea kwa picha ilikuwa na sahani inayozunguka. Mvuto mmoja tu, ganda hili linatiwa fataki, lile linatiwa baruti, lile jingine linafungwa, risasi zinamwagika kama njugu. Mumeo alikuwa ameshaipenda. Nikamwuliza, "Ganda moja likipita bila baruti, au likatiwa mara mbili, utalijuaje?"

Akafikiri. "Labda sitalijua, Baba."

"Mtu anayewinda mnyama mmoja kwa mwaka, ana haraka ya nini?"

Ya pili ilikuwa nyepesi, ya chuma cha sufuria, imeachwa wazi kwa mbele. Mashine ya hivyo ukiivuta kwa nguvu inafunua mdomo kidogo, kisha inarudi, na kila inapofunua kipimo kimeshabadilika, ganda hili refu, lile fupi. Hiyo niliikataa kabla hajamaliza kunionyesha. Ya tatu ndiyo iliyotutia katika mambo.

Ilikuwa ya mzee jirani yake, jina lake Olle, ambaye macho yamemchoka na uwindaji ameuacha. Chuma cha kusubu, kilichoyeyushwa kikamiminwa, nzito, imefungwa pande zote, inafanya ganda moja moja kwa mwendo wa pole. Kila nilichokitaka kilikuwemo. Na ilikuwa imepakwa rangi mpya, nyekundu, inang'aa.

Nikueleze sasa kwa nini rangi mpya inanitia homa. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukikishika kidole changu hiki cha kushoto kisichokuwa na ncha, ukaniuliza, nikakwambia aliking'ata kima kule Jozani. Uliamini mpaka ukaingia skuli, ukarudi unalia kwamba wenzako wamekucheka. Kwa kweli kidole kilikwenda na mashine. Nilikuwa kijana, mama yako sijamwoa, na bwana mmoja wa Mbweni alikuwa akiuza mashine ya marehemu kaka yake, imepakwa rangi ya kijani. Mimi kushuku sikuanza leo. Nilimshuku yule bwana vizuri sana. Nikamhoji, nikamzungusha, nikamhoji upya, mwisho nikamtaka twende msikitini. Akaapa mbele ya watu kwamba mashine ni nzima na hajui kasoro yake yoyote, machozi yanamtoka kwa kumkumbuka nduguye. Nikaridhika, nikaibeba. Mashine yenyewe sikuigusa hata kwa ukucha.

Chini ya ile rangi kulikuwa na ufa uliozibwa. Siku ulipoachia, mkono wangu ulikuwa ndani. Miaka mingi nikikutana na yule bwana Darajani nilikuwa nikigeuza uso, na masikini wala hakusema uongo. Aliyeziba ufa na kuupaka rangi alikuwa marehemu, yeye hakujua lolote. Nilimpima mtu, na cha kupimwa kilikuwa chuma.

Kwa hiyo nilipoiona ile nyekundu, kidole kikaniwasha. Nikamwambia Yusuf, "Ikwangue."

"Baba, bado si yangu. Mzee ameipaka wiki hii, ameipaka kwa ajili yangu. Itakuwa aibu."

"Ikwangue, au usiinunue."

Akasema atamwomba mwenye mashine. Siku ya pili yake akapiga simu ya video akiwa bandani kwa mzee, na huyo Mzee Olle amesimama nyuma yake na kofia ya sufu, kisu anacho yeye. Hakumpa Yusuf kukwangua. Alikwangua mwenyewe, huku anacheka peke yake. Nikawaonyesha waanzie pale kiunoni, panapobeba nguvu zote, kwa sababu ufa hupenda kuanzia hapo. Chuma kikatokea cheusi, safi. Nikasema waendelee, wakaendelea. Nikataka karatasi nyembamba za sigara ziwekwe pembe zote chini ya bamba la kukandamizia, mkono uvutwe, kisha azichomoe moja moja. Zote zikang'ang'ania sawasawa. Mashine ilikuwa nzima. Mzee aliipaka rangi kwa sababu alitaka kitu chake kitoke nyumbani kimependeza, basi.

Pale pale ningesema hongera nikakata simu. Lakini nilimtazama yule mzee na kofia yake, nikashtuka: huyu ni jirani! Jirani wa kwao hasa, anacheka, hana haraka, tena ameshanizoea. Nikamwambia Yusuf, "Mwulize mzee, huyu kijana anayeichukua mashine yako ni mtu wa namna gani?"

Zuwena, masikio ya mumeo yaliiva kwa haya. Nimeulizia watu wengi, sijapata kumwulizia mtu kwa kinywa chake mwenyewe. Mkalimani alikuwa yeye! Lakini aliuliza. Mzee akavua kofia, akakuna kichwa, akasema maneno mengi, anaonyesha huku, anaonyesha kule. Alipomaliza, Yusuf akasema, "Anasema nikiazima kitu sirudishi. Shoka lake nilikaa nalo mwaka. Anasema mimi ni mkimya. Anasema hata kabla sijasilimu, nikishika bunduki nilikuwa sinywi."

"Basi?"

"Basi, Baba."

Lugha siijui, lakini urefu wa maneno naujua. Yule mzee alisema zaidi ya hapo. Baba mwingine angefurahi kwamba kijana amejisema kwa ubaya. Mimi nikajiambia kwamba mwenye hila naye angejisema hivyo hivyo, atoe shoka ili afiche kubwa. Na sasa nitakukasirisha. Simu ya mama yako ilikuwa pembeni inarekodi. Mama yako hakujua. Alipojua sikula chakula cha maana kwa siku kadhaa.

Niliichukua rekodi nikaenda nayo Shangani kwa kijana mmoja anayetembeza watalii, ambaye lugha yao anaijua vizuri. Nikamwambia ni mazungumzo ya biashara ya mashine. Akasikiliza, akarudia kusikiliza, akanitazama. "Mzee Hamadi, mbona hii si biashara?"

"Wewe nipe maneno tu."

Shoka lilikuwemo. Kutokunywa kulikuwemo. Na mambo mawili yalikuwemo ambayo sikuyasikia kwa mumeo. La kwanza, mzee alisema mkewe alipougua, Yusuf alikuwa akija kila alfajiri kuondoa theluji njiani ili gari la wagonjwa lipate kupita, baridi yote ile, na bibi alipofariki alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Hilo mumeo hakulitafsiri hata neno.

La pili ni pale Yusuf aliposema "mimi ni mkimya." Mzee hakusema mkimya tu. Alisema kijana huyu akikasirika hamfokei mtu, hufunga mdomo akaingia msituni, na waliobaki nyumbani wanaweza kukaa kutwa hawajui wamekosa nini. Alisema baba yake Yusuf naye alikuwa hivyo, na mama yake alipata taabu. Yusuf aliyakunja maneno yote hayo akayafanya moja.

Nimekaa na mambo hayo mawili mpaka leo sijui niyaweke wapi. Mtu anayeficha wema wake na kuupunguza ubaya wake, huyo ni mkweli au si mkweli? Nilimshuku hata yule mtembeza watalii. Nikasema pengine la kwanza kalitunga anifurahishe, na la pili kaliongeza ili niliamini la kwanza. Mama yako akaniambia, "Baba Zuwena, wewe ukifika peponi utamtaka Malaika kitambulisho."

Lakini la kununa nimelifikiri sana, kwa sababu nalijua kwa ndani. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu mama yako alikuwa akilia jikoni. Nilikuwa naingia, nakula, natoka, simwambii kilichoniudhi, na nilikuwa najiona muungwana kwa vile sipigi kelele. Siku moja akaja hapa karakanani na mkeka kwapani. Akautandika pale katikati, penye vumbi la shaba, akajilaza. "Mimi siondoki mpaka useme," akaniambia. Wateja wakaingia, wakamkuta mke wa fundi kalala chini, wakatoka bila kuuliza bei. Ikabidi niseme. Unajua kilichoniudhi kilikuwa nini? Alimpa mgeni kikombe changu cha chai. Kikombe, Zuwena. Nililiona neno lenyewe linatoka mdomoni nikatamani ardhi inimeze.

Sikwambii uende na mkeka msituni, huko kuna theluji. Nakwambia tu kwamba aliyenyamaza si lazima awe na jambo kubwa, na kwamba mimi hapa, aliyenitoa kwenye ukimya ni mtu aliyekataa kuuogopa. Nilimwona mama yako ni jeuri siku ile. Nashukuru kwamba alikuwa jeuri, na wewe umemfuata yeye, hukunifuata mimi.

Sasa unajua kila ninachokijua. Mashine ni nzima. Ameifunga kwenye banda la nje, mbali na jiko, na baruti ina kabati lake lenye kufuli. Nilimwambia ufunguo mmoja uwe wako, akakubali bila kuniuliza kwa nini. Ameniahidi atapima baruti ya kila ganda kwa mizani, na wewe ukiwa pale mhesabie, akikuona una haraka naye akuzuie. Mumeo, kwa yale niliyoweza kuyaona kupitia kioo cha simu, naye ni mzima. Lakini chuma ukikikwangua kinasema siku ile ile. Mtu hasemi upesi hivyo. Atasema baridi ikiingia, mkiwa wawili ndani na jua halitoki, na mimi sitakuwepo kusikia. Hilo ndilo lililonifanya nimhoji mtoto wa watu habari za machuma miezi yote hii. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Bado naogopa. Nakupenda na sijui namna nyingine ya kupenda ila hii ya kushuku kila kitu kinachokukaribia.

Nilikuwa nimekupangia na jambo la siri. Nilitaka nikikupigia nikuulize mashine vipi, na ikiwa una shida na yeye yuko karibu, useme imelegea, nami nitaelewa. Nilipokuwa naliandika hilo mama yako akaingia, kaja kuniita nikalifunge begi, shangazi zako wameshindwa. Akasimama nyuma yangu akalisoma. Akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akaacha kucheka, akakaa juu ya kasha.

"Mtoto wangu akiwa na shida hatosema mashine imelegea," akasema. "Atalia. Na wewe utasikia. Hayo masikio yako yana kazi gani nyengine?"

Amesema kweli. Basi lile la mashine lisahau. Ukiwa na shida lia kwenye simu, hata akiwa amesimama pembeni yako, hata ikiwa ni aibu. Mimi niliyekwenda Paje, niliyekwenda Shangani, niliyemtia mtu wa Mbweni msikitini, siku hiyo sitaulizia kwa mtu yeyote. Nitakuja.

Baba yako,
Hamadi